Uchunguzi kamili wa glakoma: usiridhike na namba ya presha peke yake

Nimeupitia uchunguzi huu wa glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho inayopeleka picha kwenye ubongo, na ninaupendekeza kwa moyo wote, mradi ufanywe mzima. Kupulizwa upepo jichoni, kusomewa namba na kuambiwa uende nyumbani hakutoshi. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya 10 na 21 mmHg (kizio cha presha), lakini wapo wenye 16 ambao neva ya jicho inazidi kuharibika, na wapo wenye 24 ambao neva yao ni nzima. Tena konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, ikiwa nyembamba kuliko wastani, ambao ni kama maikroni 540 (nusu milimita hivi), mashine husoma chini ya presha halisi. Uliza kama unene huo umepimwa.

Kipimo cha presha ninachokiamini zaidi ni kile cha Goldmann. Unatiwa tone la ganzi na rangi ya manjano, kisha kincha chenye mwanga wa bluu kinasogezwa mpaka kiguse konea. Hakiumi. Ila ukibana pumzi, ukikaza kope au ukiwa umefunga kola shingoni, namba inapanda bure. Lenzi za kuvaa zivuliwe kabla, kwa sababu rangi hiyo huzitia madoa.

Inayofuata hurukwa mno, nami siikubali irukwe: daktari aweke lenzi yenye vioo juu ya jicho akague pembe ambamo maji ya jicho hupita kutoka. Afanye hivyo kabla ya dawa ya kupanua mboni. Pembe ikiwa finyu sana, mboni ikipanuka inaweza kuiziba na presha ikaruka ghafla. Ndipo mboni zipanuliwe, dakika 20 hadi 30 hivi, akague kichwa cha neva, yaani pale neva inapotokea nyuma ya jicho. Utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe gari.

Kinachochosha ni kipimo cha uwanja wa kuona, yaani eneo lote unaloliona bila kuzungusha macho. Jicho moja linafunikwa, unakazia macho nukta ya katikati, unabonyeza kitufe kila ukiona kimwanga. Vimwanga vingi hutaviona, na ndivyo ilivyokusudiwa, maana mashine inatafuta kiwango cha chini kabisa unachoweza kuona. Wasiojua hili huingiwa na hofu, wakaanza kubonyeza ovyo au kuvifukuza vimwanga kwa macho, na majibu yakawa hayafai. Kope iliyolegea nayo huonekana kama upofu wa sehemu ya juu. Iinuliwe kwa utepe. Ukichoka, omba kupumzika. Majibu ya mara ya kwanza mara nyingi si ya kutegemewa, kwa hiyo yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe.

Glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi. Inaanza kula pembezoni, jicho la pili linaficha pengo, na kilichopotea hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Ndiyo maana usingoje dalili. Ukifika miaka 40 uwe umeshapimwa, na mapema zaidi kama mzazi au ndugu wa damu anayo, una asili ya Kiafrika, huoni mbali kwa kiwango kikubwa, au unatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Baada ya hapo, kila mwaka mmoja au miwili, kadiri daktari atakavyoona.

Usiondoke bila nakala za majibu yote, pamoja na saa uliyopimwa presha, kwani hubadilika ndani ya siku moja. Daktari wa mwakani atazihitaji kulinganisha.