AT8, kingamwili ya tau: ina thamani ya pesa zake

Wadogo zangu wa Malindi mnaosomea kazi ya maabara, kila nikija likizo mnaniuliza kama AT8, kingamwili ya maabara inayoonyesha tau (protini ya seli za neva) kwenye vipande vya ubongo, inafaa kununuliwa. Inafaa. Naipa nyota 4 kati ya 5. Kichupa cha maikrolita 100 ni ghali, lakini ukiizimua vizuri kinatosha slaidi nyingi.

Inashika tau iliyobandikwa fosfeti kwenye serini ya 202 na threonini ya 205 (asidi amino mbili za protini hiyo), na tau ya kawaida inaiacha. Tazama kipande cha hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ya marehemu aliyeugua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kilichotiwa DAB, rangi ya kahawia: ndani ya seli mna vifundo vya tau vya kahawia vilivyochongoka kama ndimi za moto, na kati ya seli hizo nyuzi nyembamba zimetapakaa. Lakini usishtuke ukiona kahawia kidogo kwa mzee aliyekufa na akili zake timamu. Wengi huwa nayo, ndiyo maana wataalamu huangalia imeenea hadi wapi kwenye ubongo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu AT8 yenyewe imetokana na panya. Ukiitumia kwenye ubongo wa panya, kingamwili ya pili (ile inayoongezwa ili kuitambua AT8) inazishika na kingamwili za panya mwenyewe, na slaidi nzima inachafuka. Karatasi iliyokuja na kichupa changu haikusema neno juu ya hilo. Tafuta kizuizi maalumu cha kuziba kingamwili hizo za panya, au nunua kingamwili ya tau iliyotokana na sungura. Na daima pawe na slaidi moja isiyotiwa kingamwili ya kwanza (hapa ni AT8).

Haya nayaandika kwa uchungu. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee anayepotea njia ya kwake au kusema peke yake usiku hushukiwa upesi, kumbe huenda ni Alzheimer. Nataka vijana wa hapa wavione vifundo hivi kwa macho yao, wakawaeleze watu wa nyumbani.

Usafiri ndio ulioniudhi. Mzigo wa mwisho ulifika barafu imekwisha yeyuka, na wakala akaniambia si kitu. Ikifika, igaweni kwenye vichupa vidogo mara moja, msiigandishe na kuiyeyusha kila mara. Kisha ijaribuni kwenye kipande ambacho majibu yake mnayajua tayari, kabla ya kugusa sampuli ya utafiti.