African Storybook darasani kwangu: printi kimoja kikubwa, achana na vidogo arobaini

Mwenye haraka achukue hili aende nalo: vitabu vya picha vya African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, ni vya bure na vingi ni vizuri, ila ukiviprinti vidogo vidogo na kuvigawa kama karatasi za mtihani, hela itakwenda na watoto hawatapata kitu. Printi kimoja, kikubwa, cha rangi, ukisome mwenyewe mbele yao. Mwenye nafasi akae nimweleze.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali hapa Arusha, upande wa Sombetini, na maktaba nimekabidhiwa mimi. Nikisema maktaba usiwaze rafu na meza za kusomea. Ni chumba kilichokuwa stoo ya majembe, kina makabati mawili na mikeka, na darasa langu lina watoto 94. Wakiingia wote, wa mwisho anakaa mlangoni, nusu ndani nusu barazani. Kabatini kuna vitabu vya kiada vya kutosha, na vichache vya hadithi vya zamani vyenye jina la Children's Book Project, ule mradi wa Dar es Salaam ulioanza 1991 ili watoto wapate vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Hivyo vya zamani navipenda: karatasi imara, michoro inaeleweka. Lakini zimebaki nakala moja moja, na panya nao wamekuwa wasomaji.

Ndiyo maana nikageukia mtandaoni. African Storybook ni kazi ya Saide, taasisi ya elimu iliyoko Johannesburg, na tovuti yake ipo tangu 2014. Unaingia, unachagua lugha, unachagua kiwango, unasoma. Hulipi, na kama unasoma tu huhitaji kujisajili. Kiswahili kimo, pamoja na lugha nyingine nyingi za Afrika. Kimaasai nacho kimo, jambo ambalo kwa shule za huku kwetu si dogo, nitalirudia. Leseni ni ya Creative Commons: unaruhusiwa kunakili, kutafsiri, hata kubadilisha, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki palepale. Viwango ni vitano, kuanzia hadithi zenye neno moja moja kwa ukurasa mpaka zile ndefu za kusomewa na mtu mzima.

Kuna pia programu ya simu ya Android ya kusomea, na unaweza kushusha hadithi ukazisoma bila bando. Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili, simu inatosha kabisa; mpwa wangu wa Njiro halali bila kusomewa kwenye simu ya mama yake. Kwa darasa la 94, simu ni mzaha. Wanaoona ni sita, na kati ya hao sita wawili wanagombania kuigusa.

Basi twende kwenye karatasi, na hesabu zake, kwa sababu hapo ndipo walimu wenzangu wengi wanapopigwa bao. Chukua hadithi ya kurasa 16, pamoja na jalada na ukurasa wa majina. Ukiiprinti kijitabu kidogo cha nusu ya A4, nyeusi na nyeupe, ni karatasi nne, mbele na nyuma. Steshenari nyingi za mjini zinanitoza shilingi 100 kwa upande, kwa hiyo kijitabu ni 800. Arobaini ni 32,000. Unawagawia watoto 94, wawili watatu wanagombea kimoja, picha zimekuwa vivuli vya kijivu hata jogoo humtofautishi na kuku, na kufika Ijumaa stepla zimeng'oka.

Sasa hadithi hiyohiyo ikuze iwe A3, rangi. Mimi nalipa 2,000 kwa ukurasa, jumla 32,000. Ongeza manila nne za 1,000 moja. Kila moja ukiikata katikati inatoa majani mawili, unabandika kurasa mgongo kwa mgongo. Ongeza 3,000 ya fundi viatu. Jumla 39,000. Tofauti na vile vidogo ni elfu saba, na hiki watoto wote wanakiona.

Ndiyo, fundi viatu. Mashine za kubaindi za steshenari mjini nimeziona ni za A4, na kitabu cha A3 hakiingii. Stepla haifui dafu kwa manila. Mzee wetu pale kona ya shule, anayeshona mabegi na raba za wanafunzi, alikiangalia kitabu, akauliza, "Kinafunguliwa upande gani, mwalimu?" Nikamwonyesha. Akatoboa kwa msumari, akapitisha ule uzi wake wa nta mara mbili, akafunga. Nina vitabu alivyonishonea mwaka juzi na uzi haujalegea hata kidogo, wakati kurasa zenyewe zimeshakatika pembe.

Laminesheni sikushauri, labda kwenye jalada tu. Chumba chetu kina dirisha upande wa mashariki, na asubuhi jua likiingia, ukurasa uliolaminiwa unang'aa. Nusu ya darasa inabaki kuangalia mwanga. Kwa uji, maana watoto wanakuja na vidole vya uji wa saa nne, dawa ni ndoo ya maji mlangoni.

Jambo moja la kumsimamia dogo wa steshenari: ukurasa wa mwisho. Pale ninapoprintia, karibu na Soko Kuu, kijana aliuruka. "Madam, hii ya mwisho haina hadithi, ni majina tu, nimekupunguzia gharama." Nia yake njema, nikamshukuru, nikamwambia airudishe. Leseni inataka majina yabaki, hilo moja. La pili ni kwamba watoto wangu wanaupenda ukurasa ule kuliko nilivyotarajia. Nikisoma "michoro ni ya fulani," wanauliza kama ni mtu mzima, kama analipwa, kama anachora kwa penseli kwanza. Darasa la pili wengi hawakuwahi kufikiri kwamba picha ya kitabu ilichorwa na mtu.

Ukubwa wa maandishi ndio udhaifu unaobaki hata ukikuza. Picha inatosha mpaka mlangoni, sentensi haitoshi. Mimi naiandika upya kwa maka pen nyeusi kwenye kipande cha manila, herufi za urefu wa kidole, nakibandika chini ya picha. Kazi ya jioni moja kwa kitabu cha kiwango cha pili. Kwa kiwango cha nne usijaribu, utaandika mpaka kukuche.

Na hapa niseme kuhusu viwango, kwa sababu kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Kwa kuwa tovuti iko wazi kwa walimu na watu wengine kuandika na kutafsiri, hadithi zake hazilingani. Zipo ambazo ukurasa wa kwanza tu darasa linanyamaza. Zipo ambazo ni orodha: hiki ni kichwa, hili ni jicho, hili ni sikio, mwisho. Hizo za orodha zinafundisha msamiati, sawa, lakini usiziite hadithi mbele ya mtoto aliyelelewa na bibi anayejua kusema "Paukwa!" Kipimo changu ni chepesi. Nafunika maneno yote kwa karatasi, napitia picha peke yake. Kama baada ya picha nne sina hamu ya kujua ya tano, siprinti. Kwa kipimo hicho kiwango cha kwanza na cha pili ndivyo vinavyonipa vitabu vingi vya kusoma na kundi, hata kwa darasa la tatu, ingawa mtu anaweza kusema ni vyepesi mno kwao. Si vyepesi. Maneno machache yanaiachia picha kazi, na picha inawaachia watoto ubishi.

Kipindi chetu ni dakika 30. Ukitoa kuingia, kunawa na kupanga mikeka, unabaki na ishirini. Sianzi na kusoma. Nashika jalada, nauliza tu mnaona nini, nanyamaza. Wakishamaliza vitu vinavyoonekana, ng'ombe, mti, ndoo, wanaanza visivyoonekana: huyu amekasirika, huyu kaiba, mama yake yuko sokoni. Ndipo nafungua. Kila kabla ya kugeuza ukurasa nasimama kidogo, mkono uko kwenye pembe, na pale nawaacha wabishane. Kusoma kwa mara ya kwanza ni kwangu. Mara ya pili wanadakia maneno. Kisha kitabu nakining'iniza kwenye kamba kwa vibanio, wiki nzima, na wakati wa mapumziko unawakuta wanajisomea, mmoja kashika fimbo anajifanya mimi. Ukali wanaouigiza pale unanishangaza.

Kuna jambo la michoro ambalo mtu mzima anaweza kuliona kasoro. Tovuti ina hazina ya picha, na mwandishi mpya anaweza kutumia picha zilizokwisha kutumika katika hadithi nyingine. Kwa hiyo mbuzi yuleyule anaweza kutokea kwenye hadithi mbili zisizohusiana. Watoto waliligundua kabla yangu. "Madam, huyu mbuzi tulimwona kwenye kile kingine!" Nilidhani wataona wamepunjwa. Badala yake wakaanza kumtungia: ametoroka kule akaja huku, ndiyo maana amechoka. Sasa kila kitabu kipya kinakaguliwa kwanza kama mbuzi yumo.

Nilisema nitarudi kwenye Kimaasai. Katika darasa langu wapo watoto waliohamia kutoka Monduli na Longido, na mmoja wao alimaliza muhula mzima bila kufungua mdomo kwenye kipindi cha kusoma. Nilishusha hadithi moja ya Kimaasai yenye picha za mifugo. Mimi Mpare, kusoma kwangu kulikuwa kichekesho. Kijana akavumilia kurasa mbili, akanyoosha mkono, akaja mbele. Hakusoma, alieleza picha, kwa Kimaasai kwanza halafu kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Huyu ng'ombe ana mimba. Huyu mchungaji fimbo hashiki hivyo, angeshika hivi. Darasa zima likawa linamuuliza yeye, siyo mimi. Tangu hapo anakuja maktaba bila kuitwa. Kama shule yako ina watoto wa wafugaji, hiki peke yake kinatosha kukufanya ufungue tovuti leo. Ila mtafute mzazi au jirani anayeijua lugha akusomee kabla hujaprinti.

Wengine wataniuliza kuhusu StoryWeaver, tovuti ya wachapishaji Pratham Books wa India, iliyoanza 2015, nayo ya bure, nayo ina hadithi za Kiswahili. Nimeprinti kutoka huko pia. Uchoraji mara nyingi ni wa hali ya juu, rangi zimekolea, na karatasi ya A3 inazipokea vizuri. Nyumba na mavazi ni ya kwao, watoto wakauliza maswali mengi kuhusu sari mpaka muda ukaisha, na sikuona ubaya. Lakini kwa anayeanza, African Storybook kwanza: bibi anayepeta mchele na mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kitenge hawahitaji maelezo.

Masika ndiyo mtihani wetu. Paa ni la mabati bila dari, na mvua ya Aprili ikianza husikii hata sauti yako. Zamani kipindi cha maktaba kilikufa mvua ikinyesha. Siku hizi nachukua kitabu cha kiwango cha kwanza, nafunika hata yale maneno machache, nageuza kurasa taratibu na watoto wanaeleza kwa mikono. Wanaiga simba, wanaiga kuanguka, wanaiga bibi. Kwa kazi hiyo vitabu vya maneno mengi havina msaada wowote, na vya kiada ndiyo kabisa.

Vitabu hivi vya kuprinti havichukui nafasi ya vitabu vya dukani, nisieleweke vibaya. Kitabu kilichochapwa na wachapishaji wetu kina mhariri, kina karatasi inayodumu, na mtoto anaweza kwenda nacho nyumbani kwenye begi. A3 ya manila haiendi nyumbani. Kamati ya shule ikiwa na fedha ya kueleweka, nunueni vitabu. Ikiwa na elfu arobaini, fanyeni kama mimi.

Alama zangu ni nne kwa tano. Iliyokatwa ni ya ule muda wa kuchambua, kwa sababu ili nipate kimoja cha kuprinti nasoma saba au nane, na mwalimu mwenye madaftari 94 ya kusahihisha hana jioni nyingi za namna hiyo. Ukitaka kupunguza kazi, tafuteni walimu wa shule mbili tatu za kata moja, kila mmoja aprinti hadithi tofauti, mbadilishane kila mwezi. Sisi tumeanza na shule jirani, vitabu vinasafiri kwa bodaboda vimefungwa kwenye kiroba, na fundi viatu keshapata wateja wapya.