Kitanda cha Chumba Kimoja Dar: Kipi Kwanza, Kipi Mwisho

Kwa aliyepanga chumba kimoja uswahilini, kitanda ndicho kinachoamua vitu vingine vitakaa wapi. Anza na futi kamba kabla hujauliza bei. Chumba cha kumi kwa kumi ukikiwekea sita kwa sita, unabaki na futi nne pembeni, na hapo unene wa fremu hujauhesabu. Mlango ukifungukia ndani, kabati limekosa pa kukaa. Nne kwa sita inakuachia futi sita. Wawili wachukue tano kwa sita.

Namba moja kwangu ni mninga, tena wa kufunga kwa bolti. Ni ghali, lakini wadudu hawauwezi kirahisi. Na mpangaji huhama: kitanda kinachofunguka hupita kwenye korido na kupanda guta bila kuvunjwa miguu. Ukienda Keko kwa mafundi wa samani, inama utazame uvunguni. Wapo wanaopaka paini rangi ya mninga, na huko chini brashi mara nyingi haifiki. Kwaruza kwa ukucha, paini hubonyea. Uzito peke yake usikudanganye, maana mbao mbichi nazo ni nzito, na zikikaukia chumbani kwako viungo huachia, kitanda kikaanza kulia kila ukijigeuza. Kagua na chaga: zikiachana sana, godoro litazama katikati.

Mtiki ni wa pili, na unakaribiana sana na mninga. Kataa tu wenye sehemu kubwa nyeupe; hiyo ndiyo inayoliwa.

Tatu, chuma. Ni nafuu, na kunguni hawapati nyufa nyingi za kujificha. Ila upepo wa chumvi wa pwani hushambulia pale palipochomelewa, kwa hiyo pake rangi upya mara uonapo kutu.

Paini ni ya nne. Chagua iliyotiwa dawa ya wadudu.

Mwisho kabisa ni zile mbao za unga wa mbao uliobanwa, hata ziking'aa vipi dukani. Zikilowa huvimba na hazirudi, na skrubu ikifunguliwa mara mbili tatu haikamati tena. Kama unakaa Jangwani au bonde lolote linaloingia maji wakati wa masika, ziache.

Salio la fundi libaki mfukoni mwako mpaka kitanda kifungwe chumbani, ukisukume, kisiyumbe.