Kutoka Jeshi la Akiba la Marekani hadi jeshi la kudumu: huduma ya uhamisho inafaa kwa nani, na inakwama wapi

Kinachopimwa hapa ni huduma ya ofisi za kuandikisha askari za Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, pale zinapomhamisha askari wa akiba kwenda jeshi la kudumu. Wenzetu wa Afrika Mashariki walioanzia akiba ili wasome au wafanye kazi nyingine huifikia ofisi hii wakiamini kwamba kwa kuwa wao ni askari tayari, ni suala la kubadilisha karatasi tu. Huduma ni nzuri mwanzoni na nzuri mwishoni. Katikati ndipo watu wanapigwa danadana.

Msomaji aliyeko Tanzania asichanganye akiba hii na mgambo. Askari wa akiba wa Marekani hupita depo ileile ya wiki 10 na chuo kilekile cha fani anachopita mwenzake wa kudumu, kisha hurudi kwenye kazi yake ya kiraia na kuripoti kikosini wikendi moja kwa mwezi na takriban wiki 2 kila mwaka. Kwa hiyo aliyemaliza depo na chuo cha fani kwa kawaida hayarudii mafunzo hayo anapohama, na matokeo yake ya ASVAB, mtihani wa uwezo wa kuingia jeshini, yanabaki kwenye kumbukumbu. Hapo huduma inastahili sifa.

Mlango wa kuingilia hauko kikosini kwako. Mshauri wa ajira wa kikosi cha akiba kazi yake ni kukubakiza, na kamanda anapokuachia anabaki na nafasi tupu ya kujaza. Nenda kwa mwandikishaji wa jeshi la kudumu, naye ndiye atakayeanzisha fomu DD 368, yaani ombi la kuachiliwa kwa masharti. Bila fomu hiyo kurudi na idhini, hakuna atakayekupeleka mbele.

DD 368 inahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndiyo inayokwamisha wengi. Mwandikishaji anajaza sehemu yake na kuweka saini, inakwenda kikosini, inapanda ngazi za uongozi hadi kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha, kisha inarudi ikiwa na tarehe ya mwisho wa uhalali. Kwenye vikosi vingi karani wa kudumu yupo ofisini siku za kazi, lakini kamanda mwenyewe ni askari wa akiba kama wewe, na hufika wikendi ya drili, ile moja ya kila mwezi. Fomu ikifika Jumatatu baada ya drili, inaweza kulala wiki 4 bila mtu mwenye nia mbaya kuhusika. Ipeleke siku kadhaa kabla ya drili, bakiza nakala, na uliza swali moja waziwazi: saini ya mwisho ni ya nani? Saini ya kamanda wa kombania mara nyingi ni pendekezo tu. Kwa walioko Walinzi wa Taifa (National Guard, askari wa akiba walio chini ya majimbo), idhini inatoka ngazi ya jimbo, na ukiachiliwa hakikisha umepewa fomu NGB 22, hati ya kuondoka kwao.

Kosa jingine ni kuomba DD 368 mapema mno. Ukiwa na jambo la kiafya linalohitaji idhini maalumu, uchunguzi unaweza kuchukua muda hadi DD 368 ikaisha tarehe, na hapo unarudi kwenye foleni. Kusanya vyeti vya hospitali kwanza, ndipo uombe kuachiliwa.

Wakati wote huo endelea kuhudhuria drili. Wikendi ya kawaida inahesabiwa kuwa vipindi 4, na ukikosa vipindi 9 bila ruhusa ndani ya mwaka mmoja unaweza kutangazwa kuwa mshiriki asiyeridhisha. Wikendi mbili na kipindi kimoja, basi. Watu wameharibu uhamisho uliokuwa unakaribia kukamilika kwa kudhani kwamba wameshaondoka.

Kwenye kituo cha MEPS, yaani kituo cha kupima afya na kuapisha wanaoingia jeshini, ukaguzi wa afya wa kila mwaka wa akiba usiutegemee ukupitishe. Tarajia kupimwa upya, na fahamu kwamba tangu 2022 madaktari wa MEPS wanatumia mfumo wa Genesis, unaoweza kuvuta kumbukumbu zako za matibabu za kiraia. Upasuaji wa goti au dawa ya pumu uliyonunua miaka 3 iliyopita inaweza kuonekana. Itaje mwenyewe, na uje na ripoti ya daktari. Anayepokea fidia ya ulemavu kutoka VA, idara ya askari wastaafu, ajue pia kwamba malipo hayo husimama akiwa kwenye utumishi kamili, yaani jeshini muda wote, na ni juu yake kuwaarifu VA mapema, kwa sababu walicholipa kwa siku hizo watakidai.

Majina ni tatizo la kwetu hasa. Kwenye kadi ya kijani jina la babu limeingia kama la ukoo, cheti cha ndoa kina jina la baba, na mkataba wa kwanza wa jeshi, fomu DD 4, umefuata kadi ya hifadhi ya jamii iliyokatwa jina la katikati. Askari mmoja anaonekana watu watatu. Rekebisha hayo kabla ya kwenda MEPS, na hati iliyoandikwa kwa Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vitahitajika tena kuwasajili kwenye DEERS, daftari la jeshi la askari na familia zao, na bila usajili huo hakuna kitambulisho cha familia wala matibabu ya TRICARE, bima ya afya ya jeshi. Mzazi anayelea watoto peke yake amwambie hivyo mwandikishaji siku ya kwanza.

Cheo na fani ndipo ahadi za mdomo zinapoumiza. Kwa walio daraja la E-4 kushuka chini, kubaki na cheo si jambo gumu sana. Sajini, yaani E-5 na kuendelea, anaweza kuambiwa hakuna nafasi ya cheo chake kwenye fani yake, akashushwa au akasubiri idhini. Fani yenyewe inatolewa kwa mahitaji ya jeshi la kudumu siku hiyo, na fani iliyojaa itakulazimu ujifunze nyingine. Kisichoandikwa kwenye mkataba na viambatisho vyake hakipo. Kabla ya kuinua mkono kuapa, soma cheo, muda, fani, kituo na bonasi kwa macho yako. Waliochukua bonasi ya akiba wasome kile kiambatisho cha zamani pia, maana kinaeleza malipo yaliyobaki yanakuwaje ukihama.

Sasa hesabu, na hapa ndipo huduma inapotuangusha zaidi, kwa sababu waandikishaji wachache hukaa chini na mtu kumweleza. Siku zako ziko kwenye daftari tatu tofauti. Daftari la mshahara linaanzia tarehe inayoitwa PEBD, na miaka ya akiba inaingia yote. Daftari la utumishi kamili linaanzia BASD, nalo linahesabu siku za utumishi kamili tu. Chukua askari mwenye miaka 6 ya akiba, mafunzo ya mwanzo siku 168 na kambi 5 za siku 14: jumla siku 238, karibu miezi 8. Mshahara wake utalipwa kama wa mtu mwenye miaka 6, lakini kufikia pensheni ya miaka 20 bado ana miaka 19 na miezi 4. Pointi za drili za wikendi hazimfikishi mwaka wa 20 mapema, ila zinaongeza kiwango cha pensheni atakapostaafu. Chini ya BRS, mfumo mpya wa pensheni ya jeshi, ulioanza 1 Januari 2018, kila mwaka una thamani ya asilimia 2 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 ya juu zaidi. Chapisha DA 5016, taarifa ya pointi, ungali akiba, uilinganishe na hati zako za malipo mwaka kwa mwaka. (Kwa Walinzi wa Taifa taarifa hiyo ni NGB 23.)

Daftari la tatu ni la masomo. GI Bill ya baada ya 9/11, msaada wa serikali wa kulipia masomo, inahitaji angalau siku 90 za utumishi kamili, ambazo hutoa asilimia 50 ya msaada huo, na miezi 36 kwa asilimia 100. Mafunzo ya mwanzo ya askari wa akiba na kambi za kila mwaka hazikufungulii mlango huo. Kwa mwenye watoto wanaokaribia chuo, hii peke yake inaweza kuwa sababu tosha ya kuhama.

Uraia si sababu ya kuhama. Sheria ya sasa, kwa kipindi kilichoanza 11 Septemba 2001, inamruhusu hata askari wa akiba anayehudhuria drili kuomba uraia kwa fomu N-400 bila ada, akiwa na N-426, fomu ya kuonyesha utumishi wake, iliyothibitishwa na jeshi. Omba ukiwa akiba. Kisha hama, kwa sababu fani zinazohitaji kibali cha siri zinataka raia, na utachagua kwenye orodha ndefu zaidi.

Anayetafuta tu mshahara wa kila mwezi aangalie kwanza AGR na ADOS. AGR ni ajira ya muda wote ndani ya akiba, na miaka 20 yake inaleta pensheni ileile. ADOS ni amri ya muda maalumu. Ikizidi siku 30 inaleta posho kamili ya nyumba na matibabu. Kati ya hizo mbili hakuna inayohitaji DD 368. Mwenye kazi ya kiraia nzuri akumbuke kwamba sheria ya USERRA humlindia nafasi yake kwa jumla ya miaka 5 ya kuwa jeshini kwa mwajiri huyohuyo, ukiacha utumishi ambao sheria hiyo haiuhesabu, na kwamba mkataba mrefu wa kudumu unaimaliza haraka.

Ukishapata tarehe ya kuondoka, kuna stoo. Helmeti, mfuko wa kulalia, mabegi na koti la mvua vimeandikwa kwa jina lako kwenye DA 3645. Virudishe mwenyewe, kimoja kimoja mbele ya sajini wa stoo, na usitoke mpaka akupe karatasi yenye saini inayoonyesha hudaiwi kitu, kwa sababu mfuko mmoja uliopotea unaweza kukukata mshahara wa kwanza ukiwa umeshafika kituo kipya, umbali wa majimbo kadhaa kutoka kwenye stoo hiyo.