Nimetupa pesa ili wewe usitupe: vifaa vya ziada kwenye gari ya familia

Subirini, kabla ya salamu. Nyamazeni kidogo. Nawasha gari... Umemsikia huyo dada? Nazima, nawasha tena. Huyo hapo! Wiki ya saba hii, kila nikiwasha gari ananisemesha Kijapani. Mwanzoni nilidhani ananiambia mlango uko wazi. Nikafungua milango yote nikaifunga. Nikavaa mkanda, nikavua, nikavaa tena. Wapi! Mpaka jirani yangu mmoja aliyewahi kusoma kule akanicheka: anasema kadi haijaingizwa.

Kadi ya nini? Ya kulipia barabara za Japani. Kile kidude pale chini ya usukani, mnakiona? Ndicho kinachomfuga huyo dada. Hapa kwetu ile barabara ya kasi ya Entebbe, Expressway, tunailipia tangu Januari 2022, gari kama hii ni shilingi 5,000 za Uganda, na kidude hiki hakina habari nayo. Fundi alitaka kukichomoa, watoto wakagoma. Wa mwisho humwamkia kila asubuhi, shikamoo kabisa.

Haya, sasa karibuni. Kwa wageni, hapa tunazungumza magari kwa Kiswahili tukiwa Kampala, ndiyo, Kampala, na wale mnaoniuliza Kiswahili nimekitoa wapi, mimi ni mtoto wa Busia, mpakani na Kenya, tuyaache hayo. Wiki iliyopita hamkupata video kwa sababu maikrofoni ilidondoka kwenye boda. Hii ninayotumia ni ya kuazima, kwa hiyo ukisikia inakwaruza, vumilia, na ubonyeze kengele ili ninunue nyingine.

Gari ni Toyota Noah ya 2014. Injini sitaizungumzia, kila mtu mjini hapa ameshapanda Noah, hata kama ilikuwa ya harusi ya watu. Ninaiita mpya kwa maana yetu ya Kampala: imetoka juzi bondi, ile yadi ya magari yaliyoagizwa nje, nailoni bado iko kwenye viti. Leo ni vile vitu vinavyokuja baada ya gari. Maana ile siku unayokabidhiwa ufunguo, vijana wanne wanakuzunguka. "Nnyabo, tukuwekee hiki. Nnyabo, na hiki." Nilikuwa nimetenga milioni mbili. Robo tatu yake ilikwisha kabla sijafika nyumbani Bweyogerere, na vingi nilivyonunua siku hiyo leo vipo ndani ya gunia, stoo.

Lakini nianze na ninachokipenda. Mpwa wangu, leta kamera chini. Chini zaidi, baba. Hapa, miguuni.

Huu ni mkeka wa raba wenye kingo. Siyo ile bapa. Tazama ukingo: naweka vidole vitatu, na bado unavizidi. Seti nzima, safu tatu na trei ya buti, nililipa 420,000. Najua, najua. Hata mimi nilishika kichwa. Sasa nipe hilo jagi. Ni lita mbili, na humu nimekoroga udongo wa maramu wa hapo barabarani kwetu, ule mwekundu unaopaka hadi meno. Namwaga. Msipige kelele, ni gari yangu! Namwaga yote... Haya. Limekuwa bwawa. Natikisa gari kidogo, maji yanacheza, hayatoki. Sasa nauinua huu mkeka kwa pembe mbili, taratibu, namwaga nje, puu! Na chini yake, mpwa wangu sogea, weka kiganja chako wewe mwenyewe, usije ukaambiwa shangazi anadanganya. Karpeti kavu? Sema kwa sauti. Kavu.

Njoo nyuma sasa, kwenye buti, maana huku ndiko nilikoshawishika. Sisi hatutoki kijijini mikono mitupu. Utapewa mkungu wa matoke, utapewa fenesi, utapewa kuku wawili wamefungwa miguu. Huu ni mkungu wa jana. Nakata hapa kwenye mkono wake kwa kisu. Ona utomvu unavyotoka, kama maji tu, hauna hatia. Unadondokea kwenye trei, matone manne, matano. Na hapa pembeni kuna haya madoa niliyoyadondosha jana kwenye kipande cha kitambaa cha kiti: yamekuwa ya kahawia, yanaelekea weusi, na nimeyafulia sabuni mara tatu. Hayo hayatoki, umeshaolewa nayo. Kwenye raba hii nafuta hivi, kitambaa na mafuta kidogo ya kupikia, halafu sabuni. Imekwisha. Gari yangu ya kwanza niliiuza kwa hasara kwa sababu mnunuzi alifungua buti akasema panaonekana kama pamechinjwa mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, upande wa dereva, utani pembeni. Kabla ya hii nilinunua mikeka ya 80,000, ile ya kukata mwenyewe kwa mkasi, na muuzaji akanishauri niitandike juu ya ile ya kitambaa iliyokuja na gari ili nilinde vyote viwili. Nikaona ushauri wa maana. Siku ya tatu, taa za Nakawa, nainua mguu kwenye mafuta, pedali inachelewa kurudi. Haikukwama, imechelewa tu, kama mtu anayefikiria. Nilikanyaga breki hadi goti likauma. Kuangalia chini, mkeka wa juu umeteleza mbele na ncha yake imepanda juu ya pedali.

Na hili si langu peke yangu. Mwaka 2009 Toyota yenyewe iliita magari kama milioni 3.8 kule Marekani kwa sababu ya hatari hii hii, mkeka kuibana pedali ya mafuta. Kwa hiyo fanya hivi, na gari imezimwa. Kanyaga mafuta mpaka mwisho. Angalia ncha ya pedali na ukingo wa mkeka: huku kwangu kidole gumba kinapita katikati, na nafasi inabaki. Halafu hizi kulabu mbili sakafuni, za gari yenyewe, mkeka lazima uwe na matundu yake na ukae kwenye kulabu. Vuta. Vuta kwa nguvu. Hauji. Na ni mkeka mmoja tu. Usitandike mikeka kama vitanda vya hosteli.

Nimesema sana kuhusu mikeka, eh? Mpwa wangu ananionyesha saa.

Basi skrini. Hii naichukia, nitaisema haraka kisha hasira zinishuke. Redio ya Japani ina shida moja: FM yao inaanzia 76, na nyingi zinakomea 90. Stesheni zetu hapa, CBS 88.8 utaipata, Simba 97.3 isahau. Dawa yake ni kikopo kidogo kinachokaa kati ya antena na redio, kinayashusha masafa. Ukiwa Simba, redio itaandika namba ya ajabu, wewe usijali, sikiliza. Mimi niliambiwa 35,000. Badala ya 35,000 nikashawishiwa skrini kubwa ya Android, 550,000. Saa saba mchana, jua likipiga, hii ni kioo cha kupakia poda tu. Ukiweka gia ya rivasi, inakufikirisha, picha ya kamera inakuja wakati umeshamgonga mwenye nyanya.

Na asubuhi ya tatu gari haikuwaka. Betri imekufa. Duka lililonifungia, silitaji, likasema betri za Japani ni dhaifu. Fundi wa umeme wa mtaani kwetu akatoa skrini akanionyesha: waya wa njano, ambao una umeme muda wote, na mwekundu, ambao ulitakiwa uwe na umeme ukiwasha ufunguo tu, wameuviringisha pamoja wakafunga nailoni. Skrini haikuwahi kulala. Inakunywa betri usiku kucha. Akatenganisha, akachukua 20,000, akaondoka zake. Kwa hiyo ukiwekewa kitu chochote cha umeme, simama hapo hapo, na uulize njano imeenda wapi na nyekundu imeenda wapi.

Kava za viti, zile za ngozi bandia za 600,000. Fundi akikuuzia, mwonyeshe hapa. Ubavuni mwa kiti, kuna kibandiko kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG. Ina maana mfuko wa hewa unatokea hapo, kwenye mshono. Ukiuvika kava la kubana, siku ya ajali utatokea wapi? Kuna kava zenye mshono uliolegezwa sehemu hiyo makusudi, tafuta hizo au uache. Mimi niliacha. Nailoni ya bondi nayo nitaitoa, mama mkwe akishaiona.

Kuna kaka mmoja wa chaneli nyingine, simtaji, kila kifaa kwake ni lazima uwe nacho, halafu chini ya video kuna namba ya duka. Taa za rangi chini ya dashibodi, lazima. Honi ya lori, lazima. Bamba la chuma mbele, lazima! Kaka, sehemu ya mbele ya gari imetengenezwa ibonyee ili wewe usibonyee. Nakuheshimu, lakini hapana.

Tairi ya akiba sasa. Hii haiko kwenye orodha ya mtu yeyote kwa sababu kila mtu anadhani anayo. Nenda ukafungue chini ya buti yako leo. Mimi nilikuta chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, kwisha. Wajapani gari nyingi siku hizi wanazitoa hivyo, kwao barabara zinaruhusu. Tulikuwa tunaelekea Masaka, kabla kidogo ya Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta, nikaingia shimo. Tairi ikachanika ubavuni. Ile gundi inaziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi. Ubavu haizibi. Nikaimimina yote, ikatoka povu jeupe ubavuni kama mtoto anayepiga mswaki. Tulikaa muda wa saa tatu kandokando ya barabara, watoto wamekula chakula chote cha bibi. Rimu na tairi iliyotumika, saizi ile ile, 350,000, pamoja na jeki na spana. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua... nilitaka kusema mikeka. Hapana. Nunua tairi. Halafu mikeka.

Kiti cha mtoto sikihesabu kama kifaa cha ziada, lakini mnaniuliza sana. Ingiza vidole hapa kati ya mgongo na kalio la kiti cha safu ya pili: unagusa vipau viwili vya chuma? Hiyo ni ISOFIX, kiti cha mtoto kinang'ata hapo. Klik. Umesikia? Na cha pili, klik. Kisha kishike pale kilipofungwa, kitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, anza upya. Mtoto mdogo atazame nyuma, angalau mpaka miezi 15, na kamwe usimweke hivyo kiti cha mbele penye mfuko wa hewa. Vya mitumba vipo vya 200,000, lakini pindua, tafuta tarehe iliyochapwa kwenye plastiki, na muuzaji asipojua kama kimewahi kupata ajali, rudisha.

Vioo vya pembeni, chora namba ya gari juu yake, 20,000, usilale bila kuchora. Foleni ya jioni ina mikono mirefu. Kamera ya dashibodi nasema ndiyo, ila iwe ya kapasita, kile kipande kinachotunza umeme kidogo bila betri, siyo ya betri ndani, maana gari ikishinda juani betri zile huvimba. Keria ya juu, usinunue. Inakula mafuta, inapiga mluzi. Mpwa wangu unacheka nini? Sawa, ninayo. Niliinunua Desemba, ya kwendea Busia, na magodoro yalikaa juu vizuri. Lakini Januari niliishusha! Nunua ya kufungua na kufunga, basi.

Na hizi plastiki nyeusi juu ya madirisha, ambazo wiki jana nilitangaza kwenye maoni kwamba ni urembo mtupu na nitazing'oa... Hayo manyunyu au macho yangu? Mvua, jamani. Ingia, ingia ndani, funga, kioo kitaziba kwa ukungu, shusha dirisha kidogo, hivi, vidole viwili. Ona. Mvua inapiga, hewa inaingia, tone haliingii. Haya, hazing'olewi. Futeni yale maoni yangu.

Mpwa wangu, mbona umesimama nje unalowa? Eti viatu vina tope? Ingia navyo! Ingia navyo hivyo hivyo, ndicho nilichotolea 420,000.