Tuisheni ya Kiingereza Ngamiani: mwalimu moto, chumba ndiyo shida

Usemi wa taarifa wa Kiingereza, yaani kuripoti maneno aliyosema mtu mwingine, ulikuwa unamtoa jasho binti yangu wa kidato cha pili, jirani akanielekeza tuisheni moja ya jioni hapa Ngamiani, Tanga. Nikakaa nyuma nione hela yangu inakwenda wapi.

Mwalimu haanzi na kanuni. Anamwambia mtoto mmoja amnong'oneze mwenzake, kisha mwenzake aripoti. "I will come tomorrow." Wa pili akasimama: "He said that he will come tomorrow."

"Alisema lini?"

"Tuseme jana, mwalimu."

"Basi hiyo kesho yake ndiyo leo, na wewe unatupeleka tena kesho!"

Darasa zima kicheko. Ubaoni ikaandikwa: "He said that he would come the next day." Binti yangu hajalisahau hilo mpaka leo.

Kwenye maswali ndiko mwalimu anakokaa sana, na ana haki. "Where do you live?" inakuwa "She asked me where I lived": "do" inatoka, alama ya kuuliza nayo inatoka. Wengi pale walikuwa wanang'ang'ania "where did I live". Amri kazipitia mbio mno kwa ladha yangu.

Chumba sasa: viti havitoshi, feni moja, na joto la Tanga mnalijua. Mwenye mtoto mwenye haya aongee na mwalimu mapema, maana pale kila mtu anasimamishwa.