Pawatila Kuukuu: Gia Boksi Kwanza, Injini Baadaye

Hamjambo watazamaji. Leo tunachambua pawatila kuukuu, hili jembe la injini, yenye injini ya Honda GX160. Malindi zimelala mabandani, kuanzia Ganda hadi Mambrui, zikiliwa na kutu ya upepo wa bahari. Muuzaji atakuwashia injini ili akuvutie. Mwache awashe, wewe inama kwenye gia boksi. Injini hii hata ikigoma inatengenezeka. Gia zikimalizika umenunua chuma chakavu.

Fungua boliti ya kumwagia, kinga oili kwa kopo jeupe. Ukiona vipande vya chuma, nenda zako. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili, ule mpira wa kuzuia oili, ya shafti ya visu. Kamba na waya wa fensi hujiviringisha pale, hukata mdomo wa sili. Oili ikatoka, maji yakaingia. Sili mpya wala haihitaji kitabu. Ubavuni ina namba tatu, mfano 25×40×7: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita.

Haya, kabureta. Petroli iliyolala miezi hugeuka gundi. Funga koki, fungua bakuli kwa spana 10, zibua jeti, kile kitundu cha petroli, kwa unyuzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme. Fundi akishika sindano ya kushonea, mnyang'anye! Tundu likipanuka, injini italewa petroli na kutoa moshi mweusi.

Plagi ni BPR6ES, mwanya milimita 0.7 hadi 0.8. Haitoi cheche? Usikimbilie koili, pima oili ya injini kwanza, maana GX160 nyingi zina kihisi kinachozima injini oili ikipungua. Mashine ikae sawa, kijiti cha kupimia oili ukichomeke bila kukikaza. Oili inayoingia ni karibu lita 0.6. Mwanya wa vali hupimwa injini ikiwa baridi; kwa GX160 za zamani, ya kuingiza milimita 0.15, ya moshi 0.20.

Sasa vitabu, na hapa wengi hupotea, kwa sababu ni viwili: cha injini na cha mashine yenyewe. Stika hubabuka kwa jua, lakini namba ya injini imegongwa kwenye chuma. Safisha kwa brashi, paka chaki, futa juu; tarakimu zitabaki nyeupe, piga picha. Vitabu vya injini Honda wanaviweka bure kwenye tovuti yao. Injini yako ikiwa ya kampuni ya Briggs & Stratton, tafuta namba tatu: modeli (Model), aina (Type) na kodi (Code). Kodi inayoanza 860412 imetoka kiwandani 12 Aprili 1986. Cha mashine kisipopatikana, mikanda, beringi na sili vyote hununuliwa kwa vipimo.

Visu vya umbo la L vina kushoto na kulia, makali yakitangulia kwenye mzunguko. Ukivifunga upande usio wake, mashine itarukaruka tu juu ya udongo. Kwa mashamba ya Gede, penye mawe ya matumbawe, anza kina kifupi, upite mara mbili. Ukimaliza, toa nyasi shaftini, osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, paka visu grisi.